Mgongo wa Maji: Arua, Koboko na Mipaka Yetu

Ukimwuliza mwanafunzi mpaka wetu na Kongo ulipatikanaje, atajibu kwamba Wazungu walichora mstari tu. Ni kweli walichora, lakini kalamu yao ilifuata maji. Barabara itokayo Vurra, kupita Arua na Koboko hata Oraba, kilomita 92, huenda karibu na mgongo wa nchi. Arua yenyewe iko juu kiasi cha mita 1,200. Mvua inyeshayo mashariki ya mgongo huo huteremka kwa mito kama Enyau, ikaingia Nile na mwisho Bahari ya Mediterania. Inyeshayo magharibi hushika njia ya Uele, Ubangi na Kongo, ikamwagika Atlantiki. Wenye ramani waliupenda mgongo huo. Watu hawakuulizwa.

Mwaka 1894 Uingereza ilimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji nchi hii, ikiitwa Lado. Alipokufa ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Ndipo boma la Arua lilipojengwa. Walugbara na Wakakwa tangu zamani hukaa kwa kutawanyika, kila ukoo katikati ya mashamba yake, basi mji kwetu ni kitu kigeni kilichokuja na boma, soko na misheni. Arua imekuwa jiji mwaka 2020. Koboko ilipata wilaya yake mwaka 2005. Vurra na Oraba ni maduka, forodha na malori yanayongoja.

Karibu na Koboko, mahali paitwapo Salia Musala, hukutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Wakakwa wamo katika zote tatu, na lugha yao ni moja. Wageni huona hiyo ni taabu. Mimi naona ndiyo iliyotuokoa. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na vita vya 1980 vilipofuata, watu wengi mno wa huku walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka kadhaa. Mwaka 2016 vita vilipowaka tena Sudan Kusini, safari ikageuka: waliotupokea wakaja kwetu. Lobule, wilayani Koboko, wanakaa wakimbizi wa Kongo.

Sokoni Koboko utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala na Kiswahili hiki chetu, na mama muuza samaki atakuhesabia bei kwa shilingi, kwa faranga au kwa pauni, upendavyo.