Ngazi ya Mbudi na jasho la Banalia

Malipo ya wanasiasa nchini Kongo na mishahara ya watumishi wa serikali ni ngazi mbili zisizokutana. Ile ya watumishi iliwekwa Februari 2004 huko Mbudi, pembezoni mwa Kinshasa, serikali ya mpito ilipokaa na vyama vya wafanyakazi wa umma. Walikubaliana kwamba tarishi wa ofisi, mtu wa chini kabisa, alipwe dola 208 kwa mwezi, na katibu mkuu wa wizara, mtu wa juu kabisa, dola 2,080. Wa juu asimzidi wa chini zaidi ya mara 10. Mapatano hayo hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa, na ndiyo sababu jina la Mbudi linarudi midomoni kila walimu wanapogoma. Lakini hata yangetekelezwa neno kwa neno, wabunge na mawaziri hawakuwamo.

Ngazi yao imejengwa kwingine. Kifungu cha 109 cha Katiba ya 2006 kinawapa wabunge malipo ya haki yatakayolinda uhuru na heshima yao, na kiasi chake huingizwa katika sheria ya bajeti. Sheria ya bajeti hupitishwa na Bunge. Mbunge ana mshahara, ana primu, yaani marupurupu, na ana fedha nyingine za kuendeshea kazi yake. Mwananchi akiuliza, hutajiwa fungu la kwanza tu. Martin Fayulu, aliyegombea urais mwaka 2018, alisema hadharani kwamba kwa jumla mbunge wa taifa alikuwa akipata dola 21,000 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, tarishi wa Mbudi, hata angelipwa dola zake zote 208, angehitaji miezi 101, yaani zaidi ya miaka 8, kufikia mwezi mmoja wa mheshimiwa. Na wabunge ni 500.

Kuondoka madarakani nako kuna malipo. Novemba 2018, wiki chache kabla ya uchaguzi, Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia saini amri zilizowapa mawaziri wakuu wa zamani asilimia 30 ya malipo ya aliyeko kazini, dola 5,000 za nyumba kila mwezi, na tiketi ya ndege ya daraja la biashara kila mwaka. Mawaziri wa kawaida waliwekewa asilimia 30 vilevile, na dola 1,000 za nyumba. Wananchi walikuja kuzijua amri hizo katikati ya 2019, na kelele zikawa kubwa.

Chini ya ngazi, mambo huenda kinyume: mfanyakazi ndiye anayeigharamia kazi yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi walibeba mzigo huo kwa michango ya kila mwezi, na mtoto asiyelipiwa alifukuzwa darasani. Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi alitangaza elimu ya msingi kuwa ya bure, kama Kifungu cha 43 cha Katiba kinavyotaka. Michango ilifutwa, madarasa yakafurika, lakini maelfu ya walimu walikuwa bado hawajamekanizwa, yaani namba zao hazijaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali. Mwalimu wa namna hiyo alipoteza fedha za wazazi kabla hajapata za serikali, na asubuhi alisimama mbele ya ubao kama kawaida. Katika mgomo wa 2024 walimu walidai dola 500 kwa mwezi.

Banalia inaonyesha ngazi zote mbili kwa pamoja. Ni teritware, yaani eneo la utawala, katika jimbo la Tshopo, na makao yake yako kwenye mto Aruwimi, kilomita 128 kutoka Kisangani kwa Barabara ya Taifa namba 4 iendayo Buta. Gari likifika mtoni husubiri kivuko. Baiskeli zenye mzigo unaomzidi kimo anayezisukuma husubiri pia.

Juni 2021 wabunge wa taifa walianza kupewa jipu za Hyundai Palisade, moja kwa kila mmoja, jumla 500. Ziliitwa zawadi ya Rais, na ubishi juu ya nani amelipa ukachukua wiki. Tarehe 7 Septemba mwaka huohuo serikali ilitangaza homa ya uti wa mgongo Banalia, baada ya Taasisi ya Pasteur ya Paris kuthibitisha vipimo. Wakati wa kutangazwa, karibu nusu ya waliohesabiwa kuugua walikuwa wamekwisha kufa. Ugonjwa ulipotangazwa kuisha, Desemba, walioshukiwa kuugua walikuwa 2,662 na waliokufa 205. Watu zaidi ya 260,000 walichanjwa. Aliyepita mlango kwa mlango kumtafuta mgonjwa mwenye shingo iliyokakamaa ni reko, jirani wa kujitolea asiye na mshahara, ambaye malipo yake huwa fulana yenye maandishi na posho ndogo ya siku za kampeni. Hakuna jipu iliyomfikia.

Kwa hiyo mwana-Banalia aliyeko Brussels, anayelipa likelemba, yaani mchango wa zamu, na michango ya matanga bila kuchelewa, akiombwa euro 50 za ukumbi na chakula cha kumpokea mheshimiwa anayepita safarini, naye akasema hapana, haimaanishi kwamba amejifanya Mzungu. Amepiga hesabu tu. Euro hizo zikitumwa kwa reko zinajulikana zimekwenda wapi.

Mtindo huu, wa wakubwa kulipwa na wadogo kubeba mzigo, si mgeni Banalia. Mwaka 1887 msafara wa mpelelezi Stanley wa kumwokoa gavana Emin Pasha ulipitia Zanzibar na kumteua mfanyabiashara Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa pauni 30 kwa mwezi. James Jameson alitoa pauni 1,000 kutoka mfukoni mwake ili apate nafasi katika msafara huo. Duka la Fortnum & Mason la London lilitoa mizigo 40 ya vyakula vya anasa kwa ajili ya Wazungu. Mizigo ilibebwa na wapagazi wa Zanzibar, na kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya kilishindia muhogo usioivishwa vizuri. Watu walikufa wengi. Mkuu wa kikosi, Meja Barttelot, alipigwa risasi hapo Banalia tarehe 19 Julai 1888. Stanley aliporudi mwezi uliofuata alikuta Mzungu mmoja tu amebaki kambini, na wapagazi waliokonda mifupa.

Tukirudi kwa yule mwana-Banalia wa Brussels: Ubelgiji, wanakoishi Wakongo wengi, ina desturi ambayo mgeni huchukua miaka kuizoea. Mwanasiasa wa huko anaweza kuwa diwani, mjumbe wa bodi ya maji na mwenyekiti wa shirika la umeme kwa wakati mmoja, na kila kikao kina jetoni yake, yaani posho. Lakini kila mwaka Mahakama ya Hesabu huchapisha hadharani orodha ya vyeo vyote vya kila mmoja, ili mkaazi yeyote aisome akinywa kahawa. Mali zake, kinyume chake, huandikwa katika bahasha iliyofungwa, na bahasha hiyo haifunguliwi ila na hakimu mpelelezi. Nusu ya mlango iko wazi, nusu ina kufuli. Nchini Kongo, Kifungu cha 99 cha Katiba kinawataka Rais na mawaziri wapeleke maelezo ya mali zao Mahakama ya Katiba; wabunge hawatajwi.

Nusu iliyo wazi imekwisha kumwangusha mtu mzito. Juni 2017 ilijulikana kwamba meya wa Brussels, Yvan Mayeur, alikuwa akipokea jetoni za euro 140 kwa vikao vya Samusocial, shirika linalowalaza wasio na makazi. Ushahidi kwamba vikao hivyo vyote vilifanyika haukupatikana. Mayeur alijiuzulu. Kwa kipimo cha Kinshasa, euro 140 hata kuitwa kashfa isingeitwa.

Watoto wa Kikongo waliozaliwa Ubelgiji hujifunza hesabu hizi mapema, na kwa njia isiyotazamiwa. Kila mwisho wa Januari, wanafunzi wa Ubelgiji husimama milangoni mwa maduka makubwa wakiuza pakiti za kalamu za rangi kwa ajili ya Action Damien, shirika la kupambana na ukoma na kifua kikuu, ambalo hufanya kazi Kongo pia. Jina ni la padri Mbelgiji aliyefariki mwaka 1889 kisiwani Molokai, baada ya kuambukizwa ukoma na wagonjwa aliowahudumia. Mtoto mmoja wa darasa la 5, mwenye babu Banalia, alisimama kwa muda wa saa 3 kwenye baridi, pua ikichuruzika, akauza pakiti 11. Alitaka euro moja anunue chokoleti ya moto. Mzazi alikataa, kisha akamnunulia kwa fedha yake mwenyewe, ili hesabu ya Damien isiguswe.

Nyumbani maswali yalianza. Damien alilipwa kiasi gani? Hakulipwa, alikuwa ameweka nadhiri ya ufukara. Na mbunge wa Banalia, naye huuza kalamu? Mdogo wake wa miaka 6 alitaka kujua kama jipu ya mbunge inaweza kupanda kwenye kivuko cha Aruwimi, na swali hilo lilikula jioni nzima, pamoja na mchoro wa jipu ikizama.

Jumatatu yule mkubwa alipeleka fedha shuleni ndani ya bahasha, na karatasi yenye mstari mmoja kwa kila pakiti. Mwalimu alihesabu mbele yake, akatia saini chini. Mtoto aliporudi aliuliza nani hutia saini karatasi ya mbunge. Jibu liko katika Kifungu cha 109: malipo ya mbunge hupangwa katika sheria ya bajeti, na sheria hiyo huinuliwa mikono na wabunge wenyewe.