Msomaji Anapoendeleza Hadithi: Ushabiki wa Fasihi Katika Kisii na Nyamira

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza hadithi za ushabiki, yaani zile anazozitunga msomaji kwa kutumia wahusika wa mtunzi ampendaye. Hoja yetu ni kwamba kazi ya namna hii ni uhakiki kabla ya kuwa uigaji.

Mfano wa kwanza ni wangu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari huko Nyamira, nakala moja ya Siku Njema (1996), riwaya ya Ken Walibora, ilipokezanwa hadi ikachakaa. Katika daftari nilimwendeleza Kongowea Mswahili, yule kijana wa Tanga aliyekwenda Kenya kumtafuta babaye, nikamfikisha soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Mwalimu mmoja alilitwaa daftari lile akauita utunzi wangu wizi. Lakini lilikuwa limekwisha kunifunza jambo. Muuza ndizi wa Keroka hakuweza kusema kama mtu wa Tanga: lugha yake ya kwanza, Ekegusii, haitofautishi /l/ na /r/, naye hutamka "kurara" badala ya "kulala". Ili wawili hao wazungumze ukurasani, ilinibidi nichunguze jinsi Walibora anavyompa kila mhusika kauli yake. Hapana mtihani ulionitaka nisome kwa makini kiasi hicho.

Ng'ambo, nilikosomea shahada ya uzamili, nilikuta utunzi huu ukijadiliwa darasani. Wapenzi wa Sherlock Holmes walimtungia visa vipya tangu Arthur Conan Doyle alipokuwa hai. Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimwumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na Najum rafikiye. Wahakiki wameona humo athari ya Holmes na Watson. Hata hivyo, Msa ni mtu wa Unguja kwa usemi na mwenendo. Wala jambo hili si geni kwa Wagusii, kwani msimulizi wa omogano, yaani ngano, hupokea wahusika ambao wasikilizaji wanawajua tayari.

Hapa ndipo ulipo mpaka. Mwizi hufaidika chanzo kikifichika. Hadithi ya ushabiki haina ladha chanzo kisipotambulika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwanafunzi wa Kisii au Nyamira, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, aombwe kuendeleza sura moja ya riwaya, kisha aeleze kwa ushahidi wa matini kwa nini mhusika asingesema vinginevyo. Maelezo hayo ndiyo yatakayosahihishwa kama insha ya uhakiki.