Wanaowinda Mlio wa King'ora

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, ving'ora vya tahadhari vya Chicago hulia kwa majaribio, na wakazi wengi huendelea na shughuli zao. Wapo wachache ambao siku hiyo huwahi kufika karibu na nguzo, wakatega kamera na kinasa sauti, kisha wakasubiri. Ni rahisi kuwacheka watu wanaokusanya kelele. Hata hivyo, naona kazi yao ina faida kuliko wao wenyewe wanavyojigamba, kwa sababu wanahifadhi kumbukumbu ya chombo ambacho mji mzima unakitegemea lakini hakuna anayekisikiliza kwa makini.

King'ora cha mtambo hakina spika. Mota huzungusha gurudumu lenye madirisha, nalo huikata hewa vipandevipande. Madirisha 12 yakizunguka mara 50 kwa sekunde, hutoka mitetemo 600. Ndiyo maana mlio husema mengi juu ya afya ya mota: ikichoka, sauti hushuka, na anayelinganisha rekodi ya mwaka jana na ya leo, zilizochukuliwa mahali pamoja, huisikia tofauti hiyo. Vipo pia ving'ora ambavyo pembe yake hugeuka huku na huku. Anayesikiliza mahali pamoja husikia sauti ikipanda na kufifia. Pembe ikikwama, mtaa mmoja hupigiwa kelele zote na wa nyuma yake huambulia mabaki. Rekodi kama hiyo haipatikani kwa kuinua simu tu. Simu nyingi hujirekebishia sauti zenyewe, zikaipunguza kubwa na kuiongeza ndogo, hata king'ora kinachokufa kikaonekana kizima. Mzoefu huzima marekebisho hayo na kusimama mbali kiasi, sauti isije ikapasuka.

Kuna na suala la historia. Mwaka 1952 kampuni ya Chrysler ilitoa king'ora cha vita baridi kilichoendeshwa kwa injini ya V8, chenye desibeli 138 kwa umbali wa mita 30 hivi. Vinavyowaka leo ni vya kuhesabika. San Francisco nayo ilivinyamazisha ving'ora vyake 119 Desemba 2019 kwa ajili ya matengenezo, ukakoma mlio wa kila Jumanne saa sita mchana.

Wapo wanaohofia kwamba rekodi hizi zitawasaidia wahalifu. Ni kweli kwamba Aprili 2017 mtu aliviamsha ving'ora 156 vya Dallas usiku wa manane, lakini alitumia mawimbi ya redio yanayotoa amri. Mlio unaosikika hewani haubebi amri hiyo, kwa hiyo kuurekodi hakumpi mtu ufunguo wowote.

Pingamizi zito zaidi linatoka Maui. Moto ulipoteketeza Lahaina Agosti 2023, ving'ora vilikuwepo na havikupigwa. Hapo mrekodi hana jibu, maana jaribio hupima mashine tu, halimpimi anayeshika kitufe. Anachoweza kukidhibiti ni ubora wa ushahidi wake, na hapo ndipo wengi wanapolegea: wanaweka sauti nzuri, halafu wanasahau kuandika tarehe, umbali na aina ya king'ora.