Bata Hakuumbwa Kukaa Bure

Aghalabu mtu afugaye bata uani, awe anawafugia mayai, kitoweo au mapenzi tu, hudhani ya kuwa ndege huyu akishapewa pumba zake asubuhi na maji ya kunywa, na banda likafungwa magharibi asije akanyakuliwa na kicheche, haki yake yote imetimia. Dhana hiyo haina ubaya wa nia, ila ina upungufu wa maarifa. Kwani bata, kupita hata kuku tuliyemzoea, amejaaliwa viungo vya kazi nyingi, na kiungo kinyimwapo kazi yake, mwenye nacho huingiwa na dhiki. Bata waliofungiwa mahali patupu hushinda wamejikunyata kivulini, hunenepa mpaka miguu ikalemewa, na baadhi yao huanza kunyofoana manyoya hata wakatoana damu. Kwa hiyo kumchangamsha bata si anasa, wala si kumtafutia vitu vya kuchezea, bali ni kumrejeshea kazi aliyoumbiwa. Na elimu ya tabia za wanyama imekwisha kutubainishia kazi hiyo ni ipi.

Tuanze na mdomo. Ukiutazama kwa mbali wadhani ni kipande cha pembe kisichohisi kitu, kumbe chini ya ngozi yake, hasa nchani, mmejaa vipokezi vidogo vya kugusa, ambavyo wanazuoni wameviita Herbst na Grandry kwa majina ya waliovieleza. Na kando ya taya zake zimepangika safu za vichujio vyembamba. Mtazame bata penye tope baada ya mvua: hufungua na kufunga mdomo upesi upesi, maji yakaingia kwa mbele na kutoka kwa ubavuni, na mbegu, kiluwiluwi au kikonokono kikabaki ndani, ijapokuwa jicho lake halikukiona kamwe. Kiungo cha namna hii kikipewa bakuli la pumba kavu, ambalo humalizwa kwa dakika chache, hukaa bila ya kazi siku nzima.

Baada ya mdomo ni maji, na hapa pana jaribio linalostahili kujulikana na kila mfugaji. Mwaka 2009 Marian Dawkins wa Chuo Kikuu cha Oxford, pamoja na wenziwe, walitangaza matokeo ya kuwalinganisha bata waliopewa kidimbwi, waliopewa hodhi, waliopewa manyunyu yatokayo juu, na waliopewa chuchu za kunywea tu, kama ilivyo desturi katika mashamba mengi makubwa. Wale wa chuchu walioga kidogo zaidi, na macho yao, matundu ya pua na manyoya vikawa katika hali duni, ilhali manyunyu na hodhi viliwafaa bata takriban sawa na kidimbwi chenyewe. Funzo lake ni kubwa kwa mtu asiye na kiwanja kipana: bata hadai ziwa, bali adai maji ya kutosha kuzamisha kichwa chote na kujimwagia mgongoni. Karai pana, au beseni kuukuu lililofukiwa kidogo ardhini lisipinduke, latosha kwa bata wachache, maadamu maji yabadilishwa kila siku. Na siku za jua kali, bomba lililotobolewa vitundu na kuning'inizwa mtini huwapa mvua ambayo hawaichoki.

Wala kuoga si mwisho wa shughuli, bali ni mwanzo wake. Bata akitoka majini hujikung'uta kuanzia mkiani, akainua mbawa, kisha akageuza shingo mpaka penye shina la mkia, palipo na tezi itoayo mafuta. Huisugua tezi ile kwa mdomo na kwa kidevu, akayachukua mafuta na kuyapaka kifuani, ubavuni na mbawani, unyoya kwa unyoya, kwa utaratibu na bila ya haraka. Kazi hii huchukua muda mrefu, nayo huyaweka manyoya katika hali ya kuzuia maji yasipenye. Bata asiyeoga hupungukiwa na shughuli hii yote, na manyoya yake huchakaa.

Juu ya chakula, jambo la kustaajabisha lilidhihirishwa mwaka 1963 na Glen Jensen wa Marekani, aliyeona ya kuwa panya wengi, japo walikuwa na chombo kilichojaa chakula cha bure karibu yao, waliendelea kubonyeza kitufe ili wakipate kwa kazi. Majaribio yaliyofuata yaliwaona njiwa nao wakifanya vivyo hivyo. Mnyama hatafuti shibe peke yake. Hutafuta pia kule kutafuta. Mfugaji mwenye busara, basi, hukigawa chakula cha siku, sehemu akaiweka chomboni, na sehemu akaificha. Njegere zilizochemshwa zikimwagwa katika karai la maji, bata huzizamia kichwa chini na mkia juu, wakashindana hadi ya mwisho. Kabichi nzima ikifungwa kamba na kuning'inizwa usawa wa kichwa, hunyofolewa jani kwa jani. Majani makavu yaliyorundikwa pembeni na kumwagiwa maji huzaa minyoo na vidudu, nao huyapekua kila asubuhi. Na kupindua udongo kwa jembe mbele yao ni karamu. Azola, ile mimea midogo ielayo juu ya maji, huota upesi katika hodhi na ni chakula na mchezo kwa pamoja.

Lakini hakuna kitu kimchangamshacho bata kuliko bata mwenziwe. Gilbert Gottlieb, aliyewachunguza vifaranga wa bata kwa miaka mingi, alibainisha ya kuwa hata ndani ya yai kifaranga husikia sauti, na kule kusikia humtayarisha kuitambua sauti ya mama wa jamii yake. Konrad Lorenz wa Austria, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, alieleza jinsi kifaranga aliyeanguliwa punde humshika na kumfuata yule amwonaye kwanza akienda mbele yake. Na vifaranga wa bata walipomfanya yeye kuwa mama, ilimbidi atembee amechutama huku akiita bila ya kunyamaza, kwani akisimama au akinyamaza walilia. Mwaka 1999 Niels Rattenborg na wenziwe walionyesha ya kuwa bata walalao ukingoni mwa kundi mara nyingi hulala nusu ya ubongo, jicho lielekealo nje likabaki wazi, ilhali wa katikati hufumba yote mawili. Tazama basi hali ya bata aliye peke yake: hana wa kumlinda usingizini, hana wa kumjibu. Mtu, hata akiwa na mapenzi ya namna gani, hawezi kuijaza nafasi hiyo usiku na mchana. Wafugwe wawili kwa uchache, na madume wasizidi, kwani majike wakiwa haba huchokozwa mno. Dume mmoja kwa majike wanne au watano ni kiasi chema.

Yafaa pia kuijua asili ya uliyenaye. Aina nyingi za bata wa kufugwa zatokana na bata-mwitu wa kaskazini aitwaye maladi, naye hupenda maji na matope kuliko vyote. Ama yule mwenye uso mwekundu wa vinundu, tunayemwona sana katika nyua zetu, asili yake ni misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, ambako hulala juu ya miti na kutagia katika mashimo ya miti. Ndiyo maana ana makucha makali, na gogo nene la kurukia humfaa sawa na karai. Bata wa aina ya Runner, asimamaye wima mithili ya chupa, harukii kitu, bali hupenda nafasi ya kukimbia na kundi lake.

Watu wa nchi nyingine wameitumia hamu hii ya kazi kwa manufaa yao wenyewe. Huko Japani, mkulima Takao Furuno alianza mwaka 1988 kuachilia bata wadogo katika mashamba yake ya mpunga, wakala magugu na wadudu, na kwa miguu yao wakavuruga maji na kuacha mbolea. Karibu na Stellenbosch, Afrika ya Kusini, shamba la mizabibu la Vergenoegd hutoa kundi kubwa la bata wa Runner kwenda kusaka konokono kati ya mizabibu. Mwenye bustani ndogo aweza kufanya hayo kwa kadiri yake, akiwafungulia bata kitaluni mboga zikishavunwa, lakini si wakati wa miche, kwani wataikanyaga.

Hadhari nazo zisisahauliwe. Maji yaliyosimama yakaoza, hasa penye mizoga, huzaa sumu ya botulismi, ambayo hulegeza shingo na kuua. Misumari na vipande vya waya viokotwe, maana bata humeza ving'aavyo. Sakafu ya saruji itandikwe majani, isije nyayo zikafanya majipu. Vifaranga walioanguliwa kwa mashine wasiachwe majini muda mrefu, kwa kuwa hawakupakwa mafuta na mama yao, nao hulowa na kupata baridi. Tena chakula kikavu kisitolewe pasipo maji karibu, kwani bata huweza kupaliwa.

Asiye na uwezo wa kuyafanya yote haya kwa pamoja na aanze na karai, kisha chakula cha kutafutwa, kisha mwenzi; na kila alifanyapo moja, akae kitako robo saa awatazame. Bata wenyewe watamwonyesha lipi lililowafaa, kwa kuwa mdomo wenye kazi hautulii, na manyoya ya bata aogaye vizuri hayahitaji shahidi.