Biashara ya Chakula Kwenye Gari: Anza na Hesabu ya Sahani

Jijini Dar es Salaam, gari aina ya kirikuu lililogeuzwa jiko linamvutia sana mwajiriwa anayetafuta kipato cha ziada. Wengi huanza kwa kusaka gari. Nawasihi waanze na hesabu ya sahani moja.

Tuseme unauza pilau kwa shilingi 4,000. Mchele, nyama, viungo na gesi vikila 2,500, inabaki 1,500, ambayo bado si faida. Zipo gharama za siku utakazolipa uuze usiuze: posho ya msaidizi, mafuta ya gari, ushuru wa eneo, akiba ya matengenezo. Zikifika 36,000, sahani 24 za kwanza zinarudisha gharama tu. Faida inaanza na ya 25.

Sasa ukipika sahani 40 na kuuza 30, mauzo ni 120,000 na gharama ni 136,000. Umevuka zile sahani 24, ila umepata hasara ya 16,000, kwa sababu ya chakula kilichobaki. Ndiyo maana ni heri sufuria iishe mapema na mteja aambiwe awahi kesho. Kusanya oda kwa simu asubuhi, ndipo upime mchele.

Wala usitegemee kuuza kiporo. Vijidudu huzaliana haraka katika joto la nyuzi 5 hadi 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Kwenye wali, bakteria aitwaye Bacillus cereus anaweza kutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha moto upya.

Gesi nayo ina tabia yake: ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Fundi atoboe matundu ya hewa chini pia, na mtungi usimame wima, mbali na moto. Kabla hajakata bati, muone afisa afya wa halmashauri akueleze masharti ya jiko, maji, leseni na vipimo vya afya vya wahudumu.

Mwisho, pima muda wako. Mchana wateja wana njaa, lakini wewe uko kazini. Kwa mwajiriwa, chipsi na mishikaki vya jioni vinafaa zaidi. Jaribu kwanza kwa meza na jiko. Wateja wakizoea kurudi, hapo nunua gari.