Je, Wajua? Mngurumo wa Ekzosi Una Kikomo Chake

Je, wajua kwamba nchini Kenya gari au pikipiki inayoongeza kasi hairuhusiwi kupita desibeli 84? Kikomo hicho kimo katika kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009. Zinambana mwendeshaji bodaboda wa Ukunda na mwenye gari la kifahari pale Diani vilevile.

Je, wajua kwamba pikipiki moja ya desibeli 94 hutoa nguvu ya sauti sawa na pikipiki kumi za desibeli 84? Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu huzidi mara kumi.

Je, wajua nani huumia kwanza? Ni mwendeshaji mwenyewe. Sikio huweza kuhimili desibeli 85 kwa saa nane kwa siku; zikifika 94, muda salama ni saa moja tu. Chembe za kusikia zikishakufa, hazioti tena.

Je, wajua sailensa hufanyaje kazi? Ndani mna vyumba na mirija yenye matundu. Mawimbi ya sauti hugonga kuta, hurudi, hukutana na mengine yakazimana. Anayeitoboa ameifanya bomba tupu.

Je, wajua kwamba usiku wa kanuni hizo za kelele huanza saa 2:01? Hadi saa 12 alfajiri, nje ya nyumba za makazi kikomo ni desibeli 35, kutoka 50 za mchana. Misikitini na makanisani ni 40 mchana na 35 usiku.

Je, wajua kwamba honi nayo imewekewa mpaka? Hupigwa kuepusha ajali, si kuita abiria stejini.

Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele? Basi Kwale haina haja ya kungoja Nairobi ili kulinda usingizi wa watu wa Msambweni.

Je, wajua kwamba Kifungu cha 70 cha Katiba hiyo kinakuruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara? Kabla ya kufika huko, zungumza na viongozi wa steji. Wasiposikia, andika nambari ya usajili, mahali na saa, upeleke malalamiko kwa kaunti au kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Utulivu ni haki yako, idai.