Mboga Zilizogandishwa: Sehemu ya Pili, Upishi na Suala la Maji

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi viwanda vinavyogandisha mboga, na jinsi mbinu ya kugandisha kwa haraka, iliyoendelezwa na Clarence Birdseye wa Marekani katika miaka ya 1920, ilivyofika madukani kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1930 katika mji wa Springfield, Massachusetts. Sehemu hii inahusu jikoni. Lawama nyingi zinazotupiwa mboga za friza, kwamba zinalegea, zinajaa maji na hazina ladha, hutokana na kuzipika kana kwamba zimechumwa asubuhi ya leo, na ni lawama ambazo mboga hizo hazistahili.

Njegere iliyogandishwa, au minji kama wanavyoiita wengi nchini Kenya, inatofautiana na njegere mbichi kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kabla ya kugandishwa huchovywa kiwandani katika maji ya moto sana, au kupitishwa kwenye mvuke, kwa muda mfupi, kwa sababu baridi peke yake haizimi vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya mmea, nazo zisipozimwa kwa joto huendelea polepole kufifisha rangi na kuharibu harufu ya mboga hata ikiwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri. La pili ni kwamba maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kufanya fuwele, ambazo ni vipande vya barafu vyenye kingo kali, na fuwele hizo hutoboa kuta za seli, yaani vile vyumba vidogo mno vinavyojenga mwili wa mmea na kuhifadhi maji yake. Kadiri ugandishaji ulivyokuwa wa haraka ndivyo fuwele zinavyokuwa ndogo na madhara yake kupungua, lakini hakuna mboga inayotoka katika barafu ikiwa na kuta zake zote salama.

Kwa hiyo mpishi anapokata mfuko anakuwa na mboga iliyokwisha kuiva nusu na ambayo haiwezi tena kuyazuia maji yake. Kazi yake si kuilainisha, kwa kuwa hilo limekwisha kufanyika, bali ni kuyaondoa maji kabla mboga haijalegea, na hapo ndipo kiasi cha moto kinapokuwa jambo kubwa kuliko viungo vyote. Barafu hudai joto jingi bila kupanda hata nyuzi moja, joto ambalo wanafizikia huliita joto fiche: kuyeyusha kilo moja ya barafu hutumia joto linalokaribia lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Anayemwaga mfuko mzima katika kikaango kidogo chenye moto wa wastani huona mafuta yakipoa, maji yakijaa na mboga ikitokota, na maadamu maji yapo, joto la pale chini halipandi sana kupita nyuzi 100. Nao ule wekundu mtamu wa kitu kilichokaangwa, unaotokana na mmenyuko uliopewa jina la Louis-Camille Maillard, mkemia Mfaransa aliyeueleza mwaka 1912, ambapo sukari na viini vya protini huungana na kuzaa ladha mpya, huanza kuonekana haraka pale tu joto linapofika karibu nyuzi 140.

Dawa yake ni kikaango kipana, moto mkali, mboga kidogo kwa kila mkupuo, na kutoziyeyusha kwanza, maana zikiyeyuka bakulini huogelea katika maji yao wenyewe. Punje za mahindi huonyesha jambo hili vizuri kuliko mboga nyingine: zikitandazwa safu moja juu ya chuma kikavu kilichopata moto barabara, mwanzoni hutoa mvuke mzito na sauti ya kutokota, kisha mvuke hupungua, sauti hugeuka kuwa ya kuchacharika, na madoa meusi-mekundu huanza kujitokeza juu ya punje, na hapo ndipo mafuta au samli, kitunguu na chumvi vinapostahili kuingia. Brokoli na koliflawa hufaa zaidi katika oveni ya nyuzi 220, juu ya sinia lililokwisha kupashwa moto. Njegere hazihitaji hayo yote. Dakika mbili au tatu mwishoni mwa mchuzi zinatosha. Anayepika mboga za friza kwa tui la nazi na azikaushe kwanza kikaangoni, ndipo atie tui zito, la sivyo maji yatakayotoka yatalifanya jepesi kabla halijakolea.

Mchicha na spinachi hufuata njia nyingine, kwa kuwa jani halina unene wa kustahimili moto huo: hizo ndizo za kuyeyushwa kabisa na kukamuliwa kwa mikono mpaka zibaki donge. Ndimu nayo isubiri mezani, kwani asidi, ikisaidiwa na joto, huiondoa magnesi iliyomo katika klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea, na mboga hugeuka rangi ya zeituni iliyofifia.

Kuiva nusu hakumaanishi kuwa tayari kuliwa. Mwezi Julai 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba bakteria aitwaye Listeria, aliyehusishwa na mahindi na mboga nyingine za kugandishwa, alikuwa amewaambukiza watu 47 katika nchi tano tangu mwaka 2015, na tisa kati yao walifariki. Baridi humlaza bakteria huyo bila kumuua, kwa hiyo punje za mfukoni zisitiwe kwenye saladi bila kupikwa.

Kanuni ya kupika kwa haraka ina mboga moja isiyoihusu kabisa, nayo ni kisamvu, ambacho Wakongo wengi hukiita sombe au pondu, na ambacho kwa waishio Ulaya na Amerika Kaskazini hupatikana zaidi kikiwa kimetwangwa na kugandishwa. Majani ya muhogo yana linamarini, kemikali ambayo jani likipondwa huvunjwa na kimeng'enya chake na hatimaye kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Barafu haiondoi sumu hiyo. Sianidi ya namna hii huchemka karibu nyuzi 26 tu, hivyo hutoka pamoja na mvuke, ndiyo maana desturi ya kukichemsha kisamvu kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, kabla ya kutia karanga, nazi au mawese, ni ya kushikwa hata pale mfuko unapoonekana kama chakula cha dakika tano. Sehemu ya tatu itahusu ugandishaji wa mboga katika friza ya nyumbani.